Kupwelewa na Sauti Kusikokwisha: Kinyama cha Nyuzi za Sauti na Tiba Yake

Ziko kazi nyingi katika pwani ya Kilifi na Malindi ambazo chombo chake cha kwanza si jembe wala wavu, bali ni sauti. Mwalimu wa Ganze au wa Kaloleni husema tangu asubuhi hata alasiri mbele ya darasa lililojaa watoto. Mwadhini wa Mambrui huwaita watu msikitini mara tano kila siku. Mhubiri kanisani, mwalimu wa chuo cha Kurani, mnadi wa samaki ufukoni, mama karanga apitaye mitaani na samaki wake wa kukaanga, makanga aitaye abiria wa Mombasa katika kituo cha magari cha Malindi, na mwimbaji wa arusini, wote hawa hula kwa sauti zao. Mkulima akivunjika mpini wa jembe hutia mwingine, lakini aliyeharibikiwa na sauti hana duka la kununua nyingine.

Kupwelewa na sauti kwa siku chache si jambo la kutisha. Mtu akipatwa na mafua, au akipiga kelele katika mchezo wa mpira, huamka kesho yake sauti imemkauka, na baada ya juma moja au mawili hupona bila ya dawa kubwa. Lakini sauti inayokwaruza kwa muda wa majuma manne au zaidi ni jambo jingine kabisa, na mwenye sauti hiyo yampasa aangaliwe ndani ya koo na mtu mwenye ujuzi na chombo cha kuangalia. Moja ya sababu zake ni kinyama kidogo kinachoota juu ya uzi wa sauti, ambacho madaktari hukiita polipu. Kinyama hiki si saratani, nacho chatibika. Shida ni kwamba mkwaruzo wake wafanana sana na mkwaruzo wa magonjwa mabaya zaidi, wala hakuna awezaye kuyatenga kwa kusikiliza tu.

NYUZI ZA SAUTI NI NINI

Mtu akiweka vidole juu ya kikoromeo, pale mbele ya shingo, kisha akaimba huku amefumba mdomo, atahisi mtetemo. Mtetemo huo watoka katika nyuzi mbili za nyama laini zilizolazwa ndani ya kikoromeo, juu ya njia ya pumzi. Urefu wake kwa mwanamume mzima ni karibu milimita 20, yaani kiasi cha upana wa kidole gumba, na kwa mwanamke ni fupi kuliko hivyo. Mtu anapovuta pumzi nyuzi huachana ili hewa ipite. Anapotaka kusema hukaribiana, na hewa itokayo mapafuni huzitikisa, nazo hugongana upesi sana.

Mwenye kujua zumari atafahamu habari hii bila taabu. Zumari halilii kwa sababu ya mti wake, bali kwa sababu ya kile kipande cha jani kikavu kilichotiwa mdomoni mwake, kinachotetemeka mpigaji anapopuliza. Tone la nta likidondokea juu ya jani hilo, zumari hukwama na kukoroma, hata mpigaji awe hodari namna gani. Ndivyo ilivyo kwa nyuzi za sauti. Zikiwa safi na nyororo hukutana sawasawa na sauti hutoka wazi. Kikiota kitu juu ya uzi mmoja, hazifungani vizuri, hewa huvuja kati yake, na sauti hutoka ikikwaruza.

Kazi ya nyuzi hizi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwanamume anaposema kwa kawaida nyuzi zake hugongana mara 100 au zaidi katika kila sekunde, na za mwanamke yapata mara 200. Mwalimu wa kike akitoa sauti kwa jumla ya saa moja tu, nyuzi zake zimekwisha kugongana yapata mara 720,000. Na anapopaza sauti hugongana kwa nguvu zaidi.

JINSI KINYAMA KINAVYOOTA

Mwenye kushika jembe siku ya kwanza hutoka lengelenge kiganjani. Akishika kila siku, mkono wake hufanya sugu. Mambo mawili ya namna hiyo hutokea katika nyuzi za sauti.

La kwanza ni kinyama chenyewe. Mara nyingi huanza siku moja, mtu anapopiga ukelele mkubwa au kukohoa kwa nguvu, hata mshipa mdogo wa damu ukapasuka chini ya ngozi ya uzi. Damu hiyo ikivia, na mwenyewe akaendelea kupaza sauti siku zile zile badala ya kupumzika, mahali pale huvimba na kufanya kinyama. Kwa kawaida huwa upande mmoja tu. Kingine huwa na kikonyo na kuning'inia, kingine hukaa bapa juu ya uzi.

La pili ni vinundu vidogo, ambavyo ni kama sugu. Hivi huwa pande zote mbili vikielekeana, pale nyuzi zigonganapo zaidi, navyo hutokana na kuitumia sauti vibaya kwa miezi na miaka. Huonekana sana kwa wanawake wenye kazi za kusema na kuimba, na kwa watoto wenye kupiga kelele.

Liko na jambo la tatu, nalo ni uvimbe wa nyuzi nzima kwa wavutaji wa sigara wa siku nyingi. Sauti ya mtu huyo huwa nzito, hata mwanamke akipiga simu hudhaniwa kuwa ni mwanamume.

Kelele za mahali pa kazi huongeza shida hizi zote. Mtu akisimama penye kelele hupaza sauti bila ya kukusudia, ili ajisikie mwenyewe. Makanga husimama kati ya ngurumo za magari, vumbi na moshi. Mama karanga huvuta moshi wa kuni jikoni kabla ya kwenda kunadi samaki wake. Tumbaku huziwasha nyuzi. Tembo likinywewa kupita kiasi hukausha mwili, na muguka ukitafunwa usiku kucha hukausha kinywa, na wanywaji na watafunaji huku wanazungumza kwa sauti kubwa. Kiungulia nacho huleta madhara, kwa kuwa ukali wa tumbo hupanda usiku mtu alalapo na kuzichoma nyuzi.

DALILI, NA MTU WA KUFANYA HARAKA

Mwenye kinyama husikia sauti yake ikikwaruza au ikikatika katikati ya neno. Mwimbaji huona kwamba sauti za juu zimempotea. Mwalimu huanza asubuhi vizuri, na ikifika adhuhuri hana sauti. Huona kama ana kitu kooni na kila mara hujikohoza ili akitoe, na kule kujikohoza huzidi kuziumiza nyuzi. Mara nyingi hapana maumivu makali, na kwa sababu hiyo watu hukaa nayo mwaka mzima.

Hata hivyo, wako watu wasiopaswa kungoja hayo majuma manne. Yule anayetoa sauti ya filimbi au ya kukoroma anapovuta pumzi, au anayepata taabu ya kupumua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye kukohoa damu, mwenye kumeza kwa shida, mwenye uvimbe shingoni, aliyekonda pasipo sababu, na mvutaji wa sigara aliyebadilika sauti, yafaa waende mapema, kwa kuwa saratani ya kikoromeo huanza kwa mkwaruzo huo huo. Saratani hiyo ikigunduliwa mapema huponyeka kwa watu wengi, lakini ikichelewa huweza kumfanya mgonjwa akatwe kikoromeo chote. Kifua kikuu nacho huweza kushika nyuzi za sauti. Basi mwenye kikohozi cha majuma mawili na sauti iliyokauka apimwe makohozi.

Mtoto mdogo aliyepwelewa na sauti siku nyingi, naye akaanza kupumua kwa kelele, asidhaniwe kuwa ana mafua tu. Wako watoto wanaoota vinyama vingi kama chunjua katika nyuzi za sauti, kwa ajili ya virusi viitwavyo HPV, na vinyama hivyo huweza kuziba njia ya pumzi.

KIMEO HAKINA KOSA

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtu akikohoa au akipotewa na sauti, wazee husema kimeo kimerefuka, na huitwa fundi wa kukikata. Yafaa ifahamike wazi kwamba kimeo ni kile kiungo kidogo kinachoning'inia juu nyuma ya kinywa, nacho hakikutani kabisa na nyuzi za sauti, zilizo chini ndani ya shingo. Kukata kimeo hakuwezi kuondoa kinyama kilichoota kwenye uzi, kama vile kukata tawi la mwembe hakuwezi kuzibua kisima. Bali huko kukata kumeleta misiba: damu isiyozuilika, donda lenye usaha, pepopunda, na maradhi yanayoambukizwa kwa kisu kisicho safi. Watoto wengine wamekufa. Na hata aliyesalimika amepoteza siku nyingi, na ule ugonjwa wake wa kweli umebaki pale pale.

Wengine hutumaini asali, tangawizi, au ndimu na chumvi. Vitu hivi huliwaza koo, wala si vibaya kwa mtu mzima. Lakini kila kinachomezwa hupita katika umio, nyuma ya njia ya pumzi, wala hakigusi nyuzi za sauti. Tone la maji likikosea njia na kuziangukia nyuzi, mtu hupaliwa na kukohoa mara moja. Kwa hiyo hakuna dawa ya kumeza au ya kumung'unya inayoweza kukiosha kinyama kikatoka. Maji ni mazuri kwa sababu nyingine: mwili wenye maji ya kutosha hulainisha nyuzi kutoka ndani.

Wala si vema kununua vidonge dukani. Dawa za kuua vijidudu haziondoi kinyama, maana kinyama hakikuletwa na vijidudu.

JINSI YA KUTAZAMA NDANI

Kwa karne nyingi hapakuwa na mtu aliyeziona nyuzi za sauti za mtu aliye hai. Mwaka 1854 Manuel García, mwalimu wa kuimba mzaliwa wa Hispania, alitia kioo kidogo chenye mpini mrefu nyuma ya koo lake mwenyewe, akalielekeza jua kwa kioo kingine, akaziona nyuzi zake zikifunguka na kufunga. Mwaka uliofuata habari hizo zilisomwa mbele ya Royal Society ya London, na tangu hapo matibabu ya koo yakabadilika. Yapendeza kukumbuka kwamba jambo hili liligunduliwa na mwalimu aliyetaka kujua chombo cha kazi yake.

Siku hizi daktari hutumia kioo cha namna hiyo, au uzi mwembamba wenye taa na kamera upitishwao puani. Kwanza pua hutiwa dawa ya ganzi. Mgonjwa hukaa kitini akiwa macho, huambiwa aseme “iii”, na kwa dakika chache kazi imekwisha. Hapana kukatwa, wala hapana haja ya kulala hospitali.

Mkazi wa Kilifi au Malindi huanza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Hapo aeleze tangu lini sauti imebadilika, kazi yake ni nini, na kama avuta tumbaku. Kisha aombe barua ya kupelekwa kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo. Ataelekezwa kwenye hospitali ya Kilifi au ya Malindi, na jambo likihitaji chombo kikubwa zaidi ataelekezwa kwenye hospitali kuu ya Pwani, Coast General, Mombasa. Tangu Oktoba 2024 mambo ya bima yaliyokuwa chini ya NHIF yamo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Mwenye kujiandikisha aulize mapema ni gharama zipi zitakazolipwa na zipi atakazotoa mwenyewe, ili asikwame safarini.

TIBA YAKE

Tiba ya kwanza ni kuitunza sauti na kufundishwa kuitumia. Mgonjwa huambiwa apunguze kusema, aache kupiga kelele, anywe maji, aache tumbaku, na kiungulia chake kitibiwe. Akipatikana mtaalamu wa tiba ya sauti na matamshi, humfundisha kupumua kutoka tumboni na kusema bila ya kukaza shingo. Mafundisho haya huchukua majuma kadhaa. Vinundu vingi hutoweka kwa njia hii pasipo kisu, na hata vinyama vidogo vingine hunywea.

Kinyama kikubwa, au kilichokataa kunywea, huondolewa kwa upasuaji. Wengi huogopa neno hili kwa kudhani kwamba shingo itapasuliwa. Sivyo. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, daktari hupitisha bomba la chuma kinywani hata kwenye kikoromeo, hutazama kwa hadubini, na kwa vyombo vyembamba sana hukiondoa kinyama bila ya kuugusa sana uzi wenyewe. Nje hakuna kovu hata moja. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Kinyama kilichotolewa hupelekwa maabara, ili ijulikane kwa hakika kwamba hakina saratani ndani yake.

Baada ya hapo kazi yabaki kwa mgonjwa mwenyewe. Kwa siku chache, mara nyingi hata juma moja, huamriwa anyamaze kabisa. Wengine hudhani kwamba kunong'ona ni ruhusa, kumbe kunong'ona kwa kujikaza nako huziumiza nyuzi. Mwenye haja aandike katika karatasi au katika simu. Kisha hurudia kusema kidogo kidogo, na mwimbaji huweza kungoja majuma mengi kabla ya kuimba mbele ya watu. Jamaa nao wamsaidie: mke asimlazimishe mume kujibu, wala mwalimu mkuu asimrudishe mwalimu darasani kabla ya siku zake.

Upasuaji huu una faida kubwa, lakini si jambo la mchezo. Mwimbaji wa Uingereza aitwaye Adele alitokwa na damu katika kinyama cha uzi wa sauti, akapasuliwa huko Boston, Marekani, Novemba 2011, akanyamaza kama alivyoagizwa, na Februari 2012 akaimba tena mbele ya ulimwengu. Lakini Julie Andrews, mwimbaji mwingine maarufu wa nchi hiyo hiyo, alipasuliwa nyuzi za sauti mwaka 1997 huko New York, na sauti yake ya kuimba haikumrudia kama ilivyokuwa. Basi ni haki ya mgonjwa kumwuliza daktari: Je, tiba ya mafundisho imekwisha kujaribiwa? Kinyama ki upande gani? Kuna hatari gani kwa kazi yangu? Daktari mwema hachukizwi na maswali hayo.

Na aliyepona akirudia mambo yale yale, kinyama huweza kurudi.

KUITUNZA SAUTI

Mambo yafuatayo hayana gharama kubwa, na kila mwenye kutumia sauti aweza kuyafanya:

1. Mwalimu apige makofi au kengele ili kulinyamazisha darasa, badala ya kupiga kelele. Asogee karibu na watoto, na kazi nyingine aiandike ubaoni.

2. Mwadhini, mhubiri na mnadi watumie kipaza sauti kikiwapo, lakini mwenye kipaza sauti aseme kwa sauti ya kawaida. Wengi hukishika na huku wanapiga kelele, na faida yake hupotea.

3. Makanga aweke kibao kinachoonyesha safari, apokezane kuita na mwenzake, na asishindane na injini.

4. Maji yanywewe mara kwa mara. Katika mwezi wa Ramadhani, msomaji wa Kurani na mwalimu wanywe maji ya kutosha baina ya futari na daku.

5. Jiko la kuni liwe na mahali pa kutokea moshi.

6. Mwenye kiungulia asile chakula kizito karibu na kulala.

7. Mwenye mafua au sauti iliyokauka apumzike. Kupaza sauti siku hiyo ni kama kutembea juu ya mguu ulioteguka.

8. Tumbaku iachwe. Watu hupenda kumtaja marehemu Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, ambaye alivuta sigara na kuimba hata uzeeni. Lakini mtu mmoja aliyeogelea Mto Sabaki asiliwe na mamba si ushahidi kwamba mto hauna mamba.

Kinyama cha nyuzi za sauti si aibu, wala si laana, wala si dalili kwamba mtu amerogwa na wenye kuionea wivu sauti yake. Ni jeraha la kazi, kama vile sugu ya mkulima na mgongo wa mpagazi. Tofauti yake ni kwamba limefichika mahali ambapo jicho la mwenyewe halifiki. Basi mwalimu, mwadhini, mama karanga na makanga, kila mmoja wao na ahesabu siku. Yakipita majuma manne na sauti haijarudi, asimwite fundi wa kimeo, bali ashike njia ya zahanati, na aseme neno moja tu: kwamba ataka nyuzi zake za sauti zitazamwe.